Afisa Aliyekatazwa Kuitwa Afisa

Nchi hii ya Kanada unaweza kujiita chochote. Katika jengo letu kuna kijana anajiita Profesa kwa sababu tu anavaa miwani, na mwingine ghorofa ya chini anajiita Jemadari, wala hakuna anayewauliza vyeo walivipata wapi. Lakini jiite sosho-waka, yaani afisa ustawi wa jamii, kabla hujasajiliwa na baraza lao, hapo umevunja sheria. Nililijua hilo siku nilipompigia mwenzangu, mama wa ghorofa ya juu, ukelele katikati ya maduka ya Malvern, "Afisa, ningoje twende pamoja," akageuka, akanikazia macho, akanivuta mpaka kwenye rafu za sabuni.

"Mama Zuwena, usiniite hivyo mbele za watu."

"Kwani nimekutukana?"

"Jina hilo hapa si langu. Mpaka wanipe."

Mimi ni mtu wa Tanga na subira yangu ni fupi. Nilimwambia maneno ya Kiswahili kwenye duka la Wazungu nani atayasikia. Akasema huwezi kujua anayesikia ni nani. Basi, mimi nikaendelea kumwita Afisa na yeye akaendelea kunikataza, na mwisho jengo zima likalishika jina hilo, hata Wakongo na Warundi waliohamia baadaye, ambao hawakujua lingine.

Kwao alikuwa afisa ustawi wa jamii kweli, wa serikali, upande wa Kasulu, na alikuwa na ofisi na pikipiki. Wazazi wake sikupata kuwajua, na kabila lake nililibahatisha tu, maana hakuwa mtu wa kusimulia habari hizo. Ninachokijua nimekipata kichwani mwake. Nasuka nywele sebuleni kwangu, na mtu ukimkalisha tangu asubuhi mpaka alasiri hana pa kwenda, atasema tu. Nywele zake zilikuwa laini mbele na ngumu kisogoni, na yeye mwenyewe alikuwa hivyo hivyo. Ukimkuta anakuchekea, ngoja kwanza.

Alikuwa na namna yake ya kuingia nyumba ya mtu. Atabisha hodi, atasalimia, atavua viatu, kisha sebule ataipita kana kwamba haipo, aende jikoni. Kwangu alifunua sufuria siku ya kwanza kabla sijamwambia karibu kiti. Nilikasirika, nikamuuliza kwao walimfundisha adabu gani. Akanijibu bila haya kwamba ndivyo alivyofundishwa kazi.

"Nyumba yenye shida sebuleni wamefagia," alisema. "Hapo hutaona kitu. Nenda jikoni, kisha kaa ule nao. Mtoto anayenyimwa, kabla hajachukua tonge anaangalia kwanza mkono wa aliyepika."

Akanipa kisa cha baba mmoja wa huko kwao, msemaji sana, aliyekuwa akimsifia mke wake mpya kwa jinsi anavyowalea watoto wote sawa. Afisa aliitwa chai, akakataa kuondoka mpaka chakula cha jioni kiive. Kilipoiva, watoto wakakaa, isipokuwa mmoja, wa mke aliyefariki, ambaye alichukua bakuli lake akaenda nalo nyuma ya mlango bila ya kuambiwa na mtu. Alikuwa amezoea. Baba mwenyewe alipoona hivyo aliinamisha kichwa. Afisa alisema hakuhitaji kuuliza swali hata moja siku ile.

Katika jengo letu watu walimpelekea kila kitu. Shule imemwita mzazi, mwenye nyumba hataki kutengeneza kipasha joto, mtoto kamwambia mwalimu kuwa baba kamchapa na sasa watu wa ulinzi wa watoto wanakuja kesho. Alikaa nao, akawapa maneno ya kusema na ya kutosema, akawaambia ofisi ipi waende. Na kila mara alianza vile vile, kama mwingine anavyoanza kwa bismillahi: "Mimi si afisa hapa. Nakwambia tu kama mtu." Mama mmoja wa Kirundi alidhani ni sala, akawa anaitikia amina.

Usidhani alikuwa malaika. Huyu aliyepatanisha nyumba za watu alikuwa na binti mmoja, Neema, na hao wawili walikuwa wakitazamana siku nzima bila kuelewana. Mama anasema kwa Kiswahili, binti anajibu kwa Kiingereza, mama anasema tena kwa sauti zaidi, mlango unabamizwa. Alipenda mieleka ya kwenye televisheni kupita kiasi. Jumamosi alikuwa akishuka kwangu kuitazama pamoja na mume wangu, na mtu mzima yule, mwenye heshima zake, ungemkuta amesimama juu ya zulia anamwelekeza mpiganaji amshike mwenzake shingo. Mume wangu, mtu mpole ambaye maisha yake yote hajapata kumkunja mtu shati, alikuwa akisimama naye. Mimi niliwaambia wote wawili hawana akili.

Kusaidiwa alikuwa hataki. Aliteleza kwenye barafu mbele ya kituo cha basi cha barabara ya Sheppard, akaumia kifundo cha mguu, akatuambia viatu vipya vinambana. Alitembea hivyo, anachechemea na mfuko wa viazi mkononi, na ukimpokea anakunyang'anya. Nilipojua ukweli nilimsema sana. Akaniambia mtu wa kazi yake akianza kupokewa mizigo watu wataacha kumletea yao. Nikamwambia hicho ni kiburi tu, kisije kikavaa nguo ya kazi. Alicheka, lakini viazi hakunipa.

Sasa lile jina. Alilitaka, na alilitaka kwa njia ya halali, na hilo ndilo lililomchosha miaka ile yote. Mchana alikuwa akifunga vyakula kiwandani, amevaa kofia ya wavu, jioni anaandika maombi. Kwanza walitaka stashahada yake ipimwe ionekane inalingana na ya huku. Ili ipimwe, chuo chake lazima kitume matokeo chenyewe, moja kwa moja, bahasha imefungwa na kupigwa muhuri. Nakala aliyokuja nayo yeye mkononi haifai kitu. Na chuo chake kilikuwa kimeunganishwa na kingine, kikahamishwa, na wale waliobaki wakawa wanamwambia mpwa wake aliyebaki kule njoo kesho. Mpwa akaenda kesho nyingi. Mimi nilikuwa nikimsikia Afisa anaongea nao kwenye simu ya kadi, kwa upole mpaka mimi ndiye ninayekasirika, naomba nipewe hiyo simu niwaambie kitu.

Matokeo yalipofika, jibu likaja kuwa hayatoshi. Uzoefu wake wa miaka yote walisema ni mzuri, ila hakuna aliyeusimamia ambaye wao wanaweza kumpata na kumuuliza. Mkuu wake wa kazi alikuwa ameshakufa. Kwa hiyo arudi darasani, asome stashahada ya huku, afanye mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi aliyesajiliwa, kisha ndipo aombe.

Nilimwambia aachane nao. Umri ule, kukaa dawati moja na watoto wa rika la Neema, ukasomeshwe na mtu ambaye hajawahi kuona shida kazi uliyoifanya wewe ukiwa na pikipiki? Akanitazama kwenye kioo, maana nilikuwa nyuma yake nafumua nywele.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mama Zuwena."

"Ukishainama sana mgongo haunyooki."

"Fumua nywele," akasema.

Akasoma. Alikuja na vitabu kwenye kiti changu na kunisomea kwa sauti, nusu akitafsiri nusu akilalamika. Somo lililomkaba lilikuwa lile la mipaka. Walimfundisha kwamba kati yako na mtu unayemhudumia kuna mpaka, na wewe ndiye mlinzi wake. Humpi namba yako ya nyumbani. Huendi harusini kwake. Zawadi hupokei. Chakula chake huli. Ndugu, rafiki au jirani yako humhudumii, unampeleka kwa mwenzako.

"Sasa nani atabaki?" nilimuuliza.

"Ndivyo na mimi nilivyouliza. Darasa zima likacheka."

Alipopelekwa kwenye mafunzo kwa vitendo, katika ofisi moja ya kusaidia familia ambayo sitaitaja, ndipo yalipomkuta. Walimtuma kumtembelea mama mmoja wa Kikongo aliyekuwa na wanawe wanne, mgeni wa miezi michache, ambaye shule ilimtilia shaka kuwa watoto hawali. Afisa akaingia, akavua viatu, sebule akaipita. Jikoni akakuta sombe, yaani kisamvu, imeiva na ugali unasongwa. Yule mama akavuta kiti.

"Kaa, mama. Ukikatala chakula yetu, tutajua umetukatala sisi."

Akakaa. Akala. Akawaona watoto wanne wanavyogombania sombe bila ya kumwangalia mtu mkono, mdogo kuliko wote akidakia tonge la kaka yake na kucheka. Akajua shule imekosea: watoto wanakula vizuri nyumbani, ni mikate ya shuleni wasiyoitaka. Akarudi ofisini akayaandika yote hayo kwenye taarifa yake, kwa Kiingereza kizuri, na akaanza hivi: nilikula chakula cha jioni na familia. Kwao taarifa ya ustawi inaanza hapo. Afisa asiyeandika alichokula anaonekana hakufika.

Msimamizi wake, msichana mstaarabu sana, alimwita akafunga mlango. Alimwambia taarifa ni nzuri na familia ile imesaidika. Pia akamwambia amevunja kanuni kwa maandishi yake mwenyewe, na kwamba hawezi kumpitisha. Mafunzo yake yakasimamishwa. Kama anataka kuendelea, atayaanza upya mahali pengine, na mwaka mzima umekwenda.

Alikuja kwangu siku hiyo na nywele zilikuwa hazihitaji kitu. Akakaa kwenye kiti chake. Mume wangu akazima televisheni akatoka, yeye alikuwa na akili ya namna hiyo. Nilimuuliza kwa nini hakunyamaza tu. Ale, ashibe, aandike kuwa ameona chakula jikoni. Nani angejua?

"Taarifa ya uongo ni ya kumsaidia nani?"

"Ya kukusaidia wewe, mjinga wee."

Akalia. Sikuwa nimemwona akilia kabla ya hapo, na sikuwa nimejiandaa, nikabaki nimeshika kitana. Alisema anaona aibu kurudi kiwandani kuomba zamu ya mchana tena. Alisema Neema atasema alijua. Nikamwambia mimi nitakwenda ofisini kwao nikawaoneshe Mtanga ni nani, na nilikuwa nimekwisha kuanza kutafuta koti. Akanishika mkono akanikalisha.

Ndipo akaniambia jambo ambalo sikulitegemea. Akasema, wale watu hawana haki yote, lakini hawakukosea yote. Kule Kasulu alikuwa na mwenzake, afisa mzuri, mcheshi, anayependwa na kila nyumba. Alikula kila mahali. Baada ya muda nyumba iliyomchinjia kuku ikawa haina kosa. Kulikuwa na mtoto kwenye nyumba moja ya kuku, na yule afisa aliandika kuwa mambo ni shwari, akaandika tena, mpaka mtoto yule akazikwa. "Mkono uliokulisha kuuandikia ubaya ni kazi," alisema. "Mimi najiamini. Lakini na yeye alijiamini." Akajifuta uso kwa taulo langu la kazi, akaomba chai.

Akayaanza upya. Mahali pa pili alikwenda na chupa yake ya maji na biskuti mfukoni, na kila nyumba alieleza mlangoni, kabla hajavua viatu, kwa nini hatakula, na kwamba si dharau. Wengine walielewa. Kuna nyumba moja ya Warundi walinuna, bibi wa nyumba akamfungia chapati kwenye karatasi na kumtupia ndani ya mkoba. Alizirudisha. Aliniambia ile safari ya kurudisha chapati ilikuwa ndefu kuliko safari ya kuja Kanada.

Usajili ulipotoka ulikuja kwa barua pepe, kitu kidogo tu, namba na jina lake. Cheti kilifuata. Daraja lenyewe ni lile la kuanzia, la chini, kwao alikuwa akiwasimamia watu wa daraja hilo. Hakujali. Alishuka ngazi, hakungoja lifti, akasimama mlangoni kwangu na nguo za nyumbani.

"Niite," akasema.

"Nikuite nini?"

"Mama Zuwena, niite, usinitanie."

Nikamwita Afisa, kwa sauti, pale koridoni, mpaka majirani wakafungua milango. Mume wangu akaja akamnyanyua mkono juu kama wanavyofanya kwenye mieleka. Hata Neema alishuka, akamkumbatia mama yake, akasema kwa Kiswahili, "Hongera, Mama." Neno moja na jina, lakini mama mtu alilisimulia wiki nzima.

Akapata kazi hospitalini, kwenye wodi ya wazee na wa kiharusi, kazi ya kuwapangia wagonjwa wanapotoka waende wapi. Halafu Neema akaolewa mji mwingine, Richmond Hill, akazaa, akamchukua mama yake akaishi nao. Jengo letu likakosa mtu wa kufunua sufuria. Tukawa tunapigiana simu sikukuu, na nywele akaanza kusukwa na mtu wa huko, jambo ambalo nilimwambia wazi sijalisamehe.

Mwaka juzi mume wangu akaanguka bafuni. Kiharusi. Alipozinduka Kiingereza chote kilikuwa kimemtoka, kimebaki Kiswahili kidogo, na hicho chenyewe anakitoa kwa shida. Madaktari wakaja na maswali, anawatazama tu. Wakaanza kusema hataweza kurudi nyumbani, ghorofa ni juu, mke ana kazi, afadhali makao ya wazee. Nikamfikiria mume wangu kwenye nyumba ambayo hakuna atakayeelewa akiomba maji. Miaka arobaini nimelala naye kitanda kimoja. Nesi akaniambia nisubiri, afisa ustawi wa wodi anakuja, yeye ndiye atakayeandika kama anaweza kurudi nyumbani.

Pazia likafunguliwa, akaingia yeye, na kadi yake shingoni. Nilimshukuru Mungu kwa sauti. Nilimshika mikono yote miwili, nikaanza kumweleza, na yeye akawa anamtazama mume wangu, na mume wangu akamtambua, akajaribu kunyanyua mkono ule mzima. Kisha Afisa akamgeukia nesi akamwambia kwa Kiingereza: familia hii naijua, siwezi kulichukua faili lao, tafadhali mwite mwenzangu.

Nesi akatoka. Mimi nikawaka. Nilimwambia yote. Nilimwambia tulimsubiri miaka yote ile alipate hilo jina, tukamwita kwalo alipokuwa hana, na leo analo shingoni siku tunayolihitaji, anatugeuzia mgongo. Nilimwambia ameacha mbachao kwa msala upitao. Kitanda cha pili walifungua pazia kutazama, nami sikujali.

Akangoja nikachoka.

"Mama Zuwena, nikiwa afisa wenu, siku faili likifungwa natakiwa niondoke," akasema. "Nitaondokaje?"

Akaivua kadi shingoni, akaitia kwenye mkoba, akavuta kiti upande wa pili wa kitanda. Saa zake za kazi zilikuwa zimekwisha, kumbe, alikuja kwetu mwisho. Akamshika mume wangu mkono, akamuuliza polepole kama ana kiu. Mume wangu akasema maji. Akampa.

Baadaye akaja yule mwenzake, kijana, kadi mpya, daftari mkononi. Alijitambulisha kwa heshima, akaniuliza mimi ni nani, nikamwambia mke. Huyo kijana hakuwa wa wodi yetu, alitoka ghorofa nyingine, hakumfahamu Afisa. Akamgeukia.

"Na wewe, mama, nani wake?"

Nilimtazama. Nilijua lile jina lingeweza kutoka kinywani mwake, kwa haki yake kabisa, na kijana yule angekaa wima zaidi.

"Jirani," akasema mtu huyo wa Richmond Hill. "Mimi ni jirani yao. Andika kwamba nyumbani kuna jirani, nitakuwa nakuja."

Kijana akaandika.